Nukta Kando ya Barabara: Usahihi wa GPS ya Simu Kutoka Emali Hadi Kitui

Barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa inapoingia Kaunti ya Makueni hupitia Salama, Sultan Hamud, Emali, Kiboko, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo hufuatana na reli mbili, ile ya zamani iliyofika Nairobi kutoka pwani mwaka 1899 na ile ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kutoka Kibwezi barabara nyingine ya lami hushika njia ya kaskazini, huvuka Mto Athi unaotenganisha Makueni na Kitui, kisha hupitia Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui. Wanaotumia njia hizi, wakiwemo madereva wa matatu na malori, wahandisi, maafisa wa usalama barabarani na watafiti wa wanyamapori, mara kwa mara huhitaji kuandika mahali kilipo kitu fulani kando ya lami, na kifaa kilicho mkononi mwao ni simu ya kawaida. Kamera ni mfano mzuri wa vitu hivyo, iwe ni ya kunasa magari yanayozidisha mwendo, ya kuhesabu magari, au ile inayojiwasha yenyewe mnyama anapopita, ambayo watafiti huifunga kwenye mti au nguzo katika maeneo kama yale yanayopakana na Milima ya Chyulu na Tsavo. Ni kitu kidogo, hutazama upande mmoja tu wa barabara, na thamani ya kumbukumbu yake hutegemea kabisa kama mahali pake pameandikwa sawasawa.

Mfumo wa GPS, unaoendeshwa na Marekani, una setilaiti zipatazo 31 zinazozunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200, kila moja ikikamilisha mizunguko miwili kwa siku. Kila setilaiti hutangaza bila kukoma mahali ilipo na saa iliyopo, na simu hupima muda ambao tangazo hilo limechukua kufika, huuzidisha kwa kasi ya mwanga, yaani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hivyo kupata umbali wake kutoka setilaiti hiyo. Umbali wa setilaiti tatu ungetosha kubaini mahali kama saa ya simu ingekuwa kamili. Kwa kuwa si kamili, setilaiti ya nne huhitajika ili kosa la saa hiyo lipatikane na kuondolewa. Kazi yote, basi, ni kazi ya kupima muda, na ugumu wake huonekana katika hesabu moja tu: kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huwa kosa la mita 300 barabarani.

Hadi tarehe 1 Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara ya raia, hivi kwamba kipokezi, yaani kifaa kinachopokea ishara za setilaiti, kingeweza kukosea kwa takriban mita 100, na uvurugaji huo uliposimamishwa kosa lilishuka kwa siku moja hadi chini ya mita 20. Tangu wakati huo mifumo mingine imejiunga angani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina, na simu nyingi za leo huisikiliza yote kwa pamoja. Kwa mujibu wa takwimu inayonukuliwa na serikali ya Marekani yenyewe, simu ya kawaida iliyo chini ya anga wazi hupata mahali pake ndani ya mduara wenye nusu kipenyo cha mita 4.9. Hicho ni kiwango cha kuridhisha mno kwa kifaa kisicho cha wapimaji, na barabara ya njia mbili yenye upana wa mita saba hivi pamoja na mabega yake hukaribia kuenea ndani ya mduara huo.

Hata hivyo takwimu hiyo husomwa vibaya. Mduara wa rangi ya buluu unaoonekana kwenye ramani ya simu haumaanishi kwamba mtumiaji yumo ndani yake bila shaka, kwa sababu katika simu zinazotumia Android mduara huo umewekwa kwa uwezekano wa asilimia 68, maana yake ni kwamba takriban mara moja katika kila mara tatu mahali halisi huwa nje yake. Anayeandika kwamba kamera iko mahali fulani kwa usahihi wa mita tano, kwa kuwa simu imesema hivyo, ametoa ahadi ambayo simu yenyewe haikuitoa.

Eneo hili la Ukambani lina bahati ya anga. Katikati ya Nairobi majengo marefu huziba setilaiti na kurudisha ishara kama mwangwi, lakini kati ya Kibwezi na Mutomo migunga ni mifupi, mibuyu imesimama kwa kuachana, na anga huonekana karibu yote kutoka upeo hadi upeo. Tatizo la eneo hili liko juu zaidi, kwenye ionosfia, tabaka la hewa lililochajiwa umeme na miale ya jua, ambalo huichelewesha ishara inapopita. Ucheleweshaji huo huwa mkubwa katika maeneo yaliyo karibu na Ikweta kuliko Ulaya au Marekani Kaskazini, hufikia kilele saa za mchana na alasiri, na hukua katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Baada ya magharibi, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba, tabaka hilo hutibuka hivi kwamba ishara humetameta na wakati mwingine hupotea. Simu inayosikiliza masafa mamoja hutumia kanuni ya jumla inayotangazwa na setilaiti, na kanuni hiyo huondoa takriban nusu tu ya kosa. Simu zinazosikiliza masafa mawili, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2018, huweza kuupima ucheleweshaji wenyewe na kuuondoa karibu wote. Mifumo ya nyongeza inayotangaza masahihisho kwa watumiaji wa Marekani na Ulaya haikubuniwa kuhudumia Kenya, kwa hiyo usahihi unaotajwa katika vitabu vilivyoandikwa huko hauwezi kuchukuliwa ulivyo na kupelekwa Mutomo.

Karibu na ardhi yapo mambo mengine yanayoharibu kipimo. Ishara ikigonga bati, ubavu wa lori au ukuta wa mwamba, hufika kwenye simu ikiwa imezunguka, na umbali huonekana mrefu kuliko ulivyo. Safu za malori yanayoegeshwa Emali, Makindu na Mtito Andei ni kuta za chuma zinazohamahama, na mahali ambapo barabara imechongwa kupitia kilima cha mawe setilaiti za upande mmoja hufichika. Ndani ya gari hali huwa mbaya zaidi, kwani simu iliyo kwenye dashibodi huona anga la mbele tu, na vioo vilivyopakwa rangi yenye chembe za chuma hupunguza nguvu ya ishara.

Makosa yote yaliyotajwa hadi hapa, yakijumlishwa katika siku ya kawaida, hufikia mita chache, pengine kumi. Kosa kubwa kuliko hayo yote hutoka kwa mtu anayebonyeza kitufe na gari linalomsafirisha, na ajabu ni kwamba ndilo lisilozungumzwa.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa magari ya abiria na ambao kidhibiti mwendo kilifanywa cha lazima ili kuulinda katika kanuni zilizotungwa mwaka 2003 chini ya Waziri John Michuki, hupita mita 22 kila sekunde. Kipokezi cha simu kwa kawaida hutoa mahali papya mara moja kwa sekunde, kwa hiyo kati ya nukta moja na inayofuata kuna mita 22 ambazo hazikupimwa. Tena simu hailichukui kila jibu la setilaiti lilivyo, bali hulilainisha kwa kulilinganisha na majibu yaliyotangulia ili alama isirukeruke kwenye ramani, na ulainishaji huo huweza kuifanya alama ibaki nyuma ya gari. Juu ya hayo yupo abiria au makanga aliyeombwa kubonyeza, ambaye lazima kwanza aione kamera, aamue, kisha kidole chake kifike. Ikiwa kuona na kubonyeza kumechukua sekunde moja na nusu, alama huandikwa mita 33 mbele ya kamera, umbali unaozidi mara sita kosa la setilaiti chini ya anga wazi. Mwingine huiona kamera kwa mbali na kubonyeza mapema kabla hajaifikia, na alama yake huangukia upande wa pili.

Lakini katika kosa hilo kuna mpangilio unaoweza kutumiwa. Kosa la kuchelewa siku zote hufuata mwelekeo wa gari, hivyo anayetoka Emali kwenda Mtito Andei atasukuma alama kuelekea Mombasa, na anayerudi ataisukuma kuelekea Nairobi. Wawili hao wakiwa na mwendo ule ule na uchelewaji ule ule wa sekunde moja na nusu, alama zao zitaachana kwa karibu mita 66, nayo kamera itakuwa katikati yao. Mtu mmoja anayepita njia hiyo kwenda na kurudi, akaandika pande zote mbili na kuchukua nukta ya kati, hupata jibu bora kuliko yule aliyepita mara nyingi upande mmoja, kwa sababu marudio ya upande mmoja hurudia kosa lile lile na kulipa sura ya uhakika.

Programu za kuelekeza madereva huongeza udanganyifu wa aina nyingine. Ili dereva asione gari lake likielea porini, programu huivuta nukta na kuibandika kwenye barabara iliyo karibu, na mtazamaji hudhani kifaa ni sahihi sana kwa kuwa alama haiondoki kwenye lami. Kuvutwa huko hakuna madhara mahali penye barabara moja tu, lakini panapokuwa na barabara ya huduma sambamba na barabara kuu, au njia ya juu na ya chini, nukta huweza kuvutwa kwenye njia isiyo yake. Emali ina tatizo lake la pekee kwa kuwa mji umekaa mpakani, sehemu yake ikiwa Makueni na sehemu Kajiado, na ndivyo ilivyo Sultan Hamud pia, hivyo mita chache za kosa zinatosha kuhamisha kitu kutoka kaunti moja hadi nyingine katika orodha ya ofisi, ijapokuwa ardhini hakuna kilichosogea.

Kosa la uandishi ni kubwa zaidi kuliko hayo yote, na huja baada ya setilaiti na simu kumaliza kazi. Mahali huandikwa kwa majiranukta, yaani jozi ya nambari, moja ya latitudo inayoonyesha umbali kutoka Ikweta na nyingine ya longitudo inayoonyesha umbali kutoka mstari wa Greenwich. Mji wa Kitui uko takriban nyuzi 1 na dakika 22 kusini, na nyuzi 38 na dakika 1 mashariki. Kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60, latitudo hiyo ikigeuzwa kuwa desimali ni 1.367; karani asiyeligundua hilo akaandika 1.22 ameupeleka mji kilomita 16 kaskazini. Akisahau alama ya kutoa, ambayo huonyesha kwamba mahali ni kusini ya Ikweta, Kitui huruka Ikweta na kutua zaidi ya kilomita 300 kaskazini ya mahali pake halisi. Akibadilisha nafasi za nambari mbili, longitudo ikakaa mahali pa latitudo, ramani itamwonyesha mkoa wa Murcia huko Uhispania, na makosa ya namna hii, kwa kuwa ni makubwa ajabu, angalau hugunduliwa. Lililofichika ni lile la tarakimu za desimali. Karibu na Ikweta tarakimu ya tatu baada ya nukta ni sawa na mita 111, ya nne mita 11, na ya tano mita moja na ushei. Orodha iliyokatwa ikabakiwa na tarakimu tatu imetupa kila kitu ambacho setilaiti zilikipima kwa uangalifu. Orodha yenye tarakimu nane inadai kuijua kamera kwa usahihi wa milimita, jambo ambalo hakuna simu inayoweza.

Wanaotumia ramani za zamani za Idara ya Upimaji ya Kenya hukutana na kosa jingine ambalo limewasumbua maafisa wengi wa nyanjani. Ramani zile za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa kufuata mfumo rejea uitwao Arc 1960, yaani makubaliano maalumu kuhusu umbo la dunia na mahali hesabu inapoanzia, wakati GPS hutumia mfumo wa WGS84. Nambari zile zile katika mifumo hiyo miwili humaanisha mahali pawili tofauti, na katika Kitui na Makueni tofauti hiyo ni takriban mita 300 kati ya kaskazini na kusini pamoja na karibu mita 100 kati ya mashariki na magharibi. Nambari za simu zikichorwa moja kwa moja juu ya karatasi ya zamani, kila alama husogea kusini na kidogo mashariki, zote kwa kiasi kile kile. Usawa huo ndio dalili yake: makosa ya setilaiti hutawanya alama huku na huku, lakini kosa la mfumo rejea huzihamisha zote pamoja, na likishatambuliwa hurekebishwa kwa hesabu moja.

Kuandika mahali pa kamera ipasavyo, basi, kunahitaji kushuka garini panapokuwa salama, kusimama karibu na nguzo mbali na malori, kuishika simu chini ya anga wazi na kusubiri. Kusubiri kuna sababu ya kiufundi. Simu isiyo na mtandao, jambo la kawaida katika sehemu za kusini mwa Kitui, haiwezi kupokea ratiba ya setilaiti kupitia intaneti na hulazimika kuisikiliza angani, ambapo taarifa za mwendo wa kila setilaiti hurudiwa kila baada ya sekunde 30 na ratiba nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Anayepiga picha sekunde chache baada ya kuwasha simu huenda akapata picha iliyobandikwa mahali pa mwisho ambapo simu ilipakumbuka, au pa mnara wa mawasiliano ulio kilomita kadhaa mbali. Kuchukua wastani wa dakika kadhaa husaidia kidogo tu, kwani kosa la ionosfia hubadilika polepole na dakika tano zinazofuatana zina kosa linalokaribiana. Kurudi siku nyingine, saa tofauti, huku setilaiti zimejipanga upya, husaidia zaidi.

Nambari zikishapatikana bado hazijatosha, maana kamera si nukta tu. Huangalia upande mmoja, huhusu magari ya njia moja, na husimama mahali penye kiwango fulani cha mwendo. Ramani huria ya OpenStreetMap imelitatua jambo hili kwa namna ya kupendeza: kifaa chenyewe huandikwa kama nukta mahali kilipo, kisha huundwa uhusiano unaotaja ni wapi ukaguzi huanza na wapi huishia, hivyo anayetoka Mombasa haonywi kuhusu kamera inayowatazama wanaotoka Nairobi. Kwa onyo la dereva mita kumi au ishirini hazina uzito. Onyo likitolewa mita 300 kabla, gari la kilomita 80 kwa saa lina sekunde 13 na nusu za kupunguza mwendo, na kosa la mita 15 hupunguza muda huo kwa chini ya sekunde moja. Ufaransa imethibitisha jambo hilo kwa njia ya kipekee, kwani sheria yake hukataza vifaa kuonyesha mahali kamili pa kamera na kuruhusu tu maeneo ya hatari, ya mita 300 katika miji, kilomita mbili katika barabara za kawaida na kilomita nne katika barabara za kasi. Huko usahihi umepunguzwa kwa makusudi ili dereva apunguze mwendo katika eneo zima badala ya kukanyaga breki mbele ya nguzo, na mantiki hiyo ina nguvu kwa barabara ya Mombasa ambako gari linalosimama ghafla mbele ya lori ni hatari kuliko lile linalokwenda kasi kidogo.

Barabarani Makueni, hata hivyo, ukaguzi wa mwendo mara nyingi hufanywa na askari wa trafiki mwenye kifaa cha mkononi, ambaye leo yuko Kiboko na kesho Salama. Kwa kumbukumbu za aina hiyo kosa la tarehe ni kubwa kuliko kosa la mahali, na alama isiyo na siku wala saa iliyoandikwa hugeuka uzushi hata kama iliwekwa kwa usahihi wa mita moja.

Usahihi wa mita huanza kuwa jambo zito pale inapobidi kuthibitisha kosa. Kiwango cha mwendo hushuka hadi kilomita 50 kwa saa barabara inapopita mjini, na swali la kama gari lilikuwa limeshavuka kibao au bado huweza kuamuliwa na mita 20, yaani chini ya sekunde moja ya safari kwa gari la kilomita 80 kwa saa. Hapo inafaa itambuliwe kwamba GPS hupima mwendo vizuri kuliko inavyopima mahali, kwa sababu mwendo haupatikani kwa kulinganisha nukta mbili zenye makosa bali kwa kupima jinsi masafa ya ishara yanavyobadilika gari linapoikaribia au kuiacha setilaiti, na katika anga wazi kosa lake kwa gari linalokwenda mwendo usiobadilika huwa chini ya kilomita moja kwa saa. Spidomita ya gari kwa upande wake hutengenezwa isionyeshe chini ya mwendo halisi, na kwa kawaida huonyesha zaidi kidogo. Kamera ya dashibodi yenye GPS huweza kwa hiyo kuwa shahidi mzuri wa mwendo na shahidi dhaifu wa mahali, katika rekodi ile ile. Udhaifu huo hauwezi kuzibwa na dereva wala na askari. Unaweza kuzibwa na Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA, ambayo inasimamia barabara kuu za nchi, ikipima kila kibao cha mwendo na kila nguzo ya kamera kwa vifaa vya wapimaji na kuyatangaza majiranukta hayo kwa umma, yakiwa na mfumo rejea, mwelekeo, tarehe na ukubwa wa kosa, ili dereva wa Mutomo anayeshtakiwa na askari anayemshtaki wasome nambari zile zile.